Mwanangu yuko ICU, na mimi siwezi kuingia

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma majibu yako miaka mingi nikidhani barua hizi ni za watu wenye mambo ya mapenzi na mirathi. Leo na mimi nimekaa kuandika.

Nina watoto wawili, binti wa miaka minane na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Waliharisha wote, dada akaanza, mdogo akafuata, wakapona. Siku si nyingi baadaye mdogo akaanza kusema miguu inamuuma. Akawa anajikwaa, mara anaomba kubebwa. Asubuhi moja akashindwa kusimama kabisa, na hadi jioni mikono nayo ilikuwa imelegea. Hospitali wakatuambia ni ugonjwa wa Guillain-Barré. Hata hatujajua jina lenyewe linatamkwaje, kupumua kukamshinda, akaingizwa ICU na kuwekwa kwenye mashine.

Tumeingia mwezi wa pili sasa. Mama yake hatoki. Analala kwenye kiti kando ya kitanda, anaoga kwa kuibia, anakula akikumbushwa na manesi. Mimi ndiye sijui nijieleze vipi. Nikifika mlangoni, nikinawa mikono na kuvaa lile gauni lao, nikisikia tu zile kengele, nguvu zinaniisha. Jasho linanitoka, masikio yanavuma. Mara ya mwisho nilisimama miguuni pa kitanda nikakodolea monita macho, sikuweza kumtazama mtoto usoni. Kengele ikalia, nikatoka, kidogo nikimbie. Tangu hapo nafika hadi kwenye benchi la korido, nakaa pale, kisha narudi nyumbani na kumwambia mke wangu kwamba kazi ilinibana.

Usiseme simpendi mtoto. Usiku silali. Nimesoma mtandaoni kila kitu kuhusu ugonjwa huu, cha kutia moyo na cha kukatisha tamaa. Ukiniuliza oksijeni yake ilikuwa ngapi jana alfajiri nitakujibu, kwa sababu mama yake hunitumia namba kwa ujumbe. Ndiyo mazungumzo tuliyobaki nayo.

Juzi akaniandikia: "Wanataka kumtoboa koo wamwekee mpira hapo." Nikajibu, "Sawa." Sikujua niandike nini kingine. Hajaniandikia tena na simu zangu hapokei. Shemeji yangu ndiye aliyenifikishia maneno yake: "Amenitelekezea mtoto."

Kuna mawili zaidi ambayo sijamwambia mtu. Mtoto wa kitanda cha jirani alifariki. Nilikuwa pale kwenye benchi walipotoka wazazi wake, na kitu cha kwanza kilichonijia moyoni ni kushukuru kwamba si wangu. Najiona kama mnyama. La pili ni binti yangu. Usiku mmoja ameniuliza, "Baba, mimi ndiye niliyemwambukiza?" Nikamwambia alale.

Nifanye nini, Shangazi?

Baba wa Benchini

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, nyote wanne.

Naanza na habari ya koo kwa sababu hiyo haitasubiri wewe upate ujasiri. Mke wako hakukuandikia ili umpe ruhusa. Aliambiwa jambo la kutisha akiwa peke yake, akamtafuta mtu wa kutishika naye, na wewe ukamjibu kama anayesaini kupokea mzigo. Hilo unaweza kulirekebisha, lakini si kwa ujumbe mwingine wa simu. Omba kikao na daktari mkuu wa wodi, nyinyi wawili pamoja, mmekaa, mlango umefungwa. Ni haki yenu, na madaktari wenyewe hufurahi kuongea mara moja na wazazi wote wawili kuliko kuongea na mmoja kisha maneno yakafika kwa mwenzake yamepinda.

Ili usiingie kwenye kikao hicho ukiwa umejaa hofu tu, elewa upasuaji huu ni wa nini. Unaitwa trakeostomi. Mpira unaopitia mdomoni haukuwekwa ukae miezi. Ukikaa sana huweza kuumiza koo na nyuzi za sauti, na unamkera mtoto hadi alazimike kupewa dawa za kumtuliza. Ukihamishiwa shingoni, mdomo na uso vinabaki huru, dawa za usingizi mara nyingi hupunguzwa, na wataalamu wa mazoezi ya viungo wanaweza kumkalisha bila hofu kubwa ya mpira kuchomoka. Pumzi zake zikirudi, mpira hutolewa, na tundu kwa kawaida hujifunga lenyewe likaacha kovu. Wachache hushonwa. Hatari zipo: damu, mpira kuzibwa na makohozi, au kuchomoka. Muulize daktari kila moja wanaikabili vipi, na nani atawafundisha nyinyi kunyonya makohozi. Na hili nakwambia mapema lisije likakuvunja: mwanzoni mtoto anaweza kulia na usisikie sauti, kwa sababu hewa haipiti tena kwenye nyuzi za sauti. Haina maana kwamba sauti imekufa.

Nikupe na historia kidogo, kwa kuwa wewe ni mtu wa kusoma. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulikumbwa na polio mbaya. Wagonjwa, wengi wao watoto, walipooza hadi misuli ya kupumua, na mashine za kuwasaidia zilikuwa chache mno. Daktari mmoja wa usingizi, Björn Ibsen, alishauri watobolewe koo na wasukumiwe hewa kwa kuminya mfuko kwa mkono. Mamia ya wanafunzi wa udaktari waliitwa, wakakaa kando ya vitanda wakiminya, kwa zamu, usiku na mchana, miezi kadhaa. Vifo vilipungua sana, na wodi za ICU tunazozijua leo zilianzia kwenye kazi ile. Yaani tundu hilo unaloliogopa ni miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa kuwaokoa watoto waliopooza kama wako. Nimependa pia hilo la zamu, na nitalirudia tukifika kwa mama yake.

Sasa kuhusu kusoma kwako. Saa nane usiku mtandao hauna huruma, unakuonyesha mtoto aliyepona na aliyekufa katika ukurasa mmoja na kukuacha uchague. Ninaloweza kukwambia kwa uhakika ni hili. Katika Guillain-Barré kinga ya mwili, ikiwa imetoka kupambana na maambukizi, mara nyingi ya tumbo au ya kifua, hugeuka na kushambulia neva za mwili wenyewe. Udhaifu huongezeka na kwa wengi hufika kilele ndani ya wiki nne. Baada ya hapo hali husimama, haipandi wala haishuki, na kusimama huko kunaweza kuchukua siku, wiki, hata miezi, kabla nguvu hazijaanza kurudi taratibu. Kwa jumla watoto hupona vizuri kuliko watu wazima, ingawa si wote, na baadhi hubaki na udhaifu fulani. Kwa hiyo daktari akisema "hakuna mabadiliko", usisikie kwamba wameshindwa. Inaweza kuwa ndipo ugonjwa unapopumzika. Muulize: mnasubiri kuona nini kwanza ili mjue ameanza kurudi?

Na namba hizo unazokariri! Ugonjwa huu hugusa pia neva zinazoongoza mapigo ya moyo na presha, ndiyo maana monita yake hupanda na kushuka kama iliyopagawa. Madaktari hutazama mwenendo wa siku nzima. Namba moja ya alfajiri haikupi picha yoyote ya maana. Mwambie mke wako asikutumie tena, na badala yake akuambie yeye ameamkaje.

Nije kwenye miguu yako kuisha nguvu. Hiyo si dalili ya kukosa upendo, na si uoga wa kuchekwa. Mwili wako uliiona hatari ya kufiwa na mtoto, ukaunganisha hatari hiyo na mlango ule, gauni lile na kengele zile, na kila ukivikaribia unakuamuru ukimbie. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya asilimia 10 na 21 hivi ya wazazi wa watoto waliolazwa ICU hufikia kiwango cha kutambuliwa kuwa na msongo wa baada ya kiwewe, yaani tukio la kutisha kuendelea kumwandama mtu hata likishapita, na wenye baadhi ya dalili ni wengi zaidi ya hao. Akina baba wamechunguzwa kidogo kuliko akina mama, sehemu kwa sababu hawakai wodini, wako kazini. Ninapokea barua nyingi za wanaume wanaoniambia wanapambana kazini kwa ajili ya familia. Ni kweli. Na ni mahali pazuri sana pa kujificha.

Shida ya kukimbia ni kwamba kila unapotoroka unapata nafuu ya papo hapo, na mwili unajifunza kuwa ulifanya vizuri. Kesho mlango unakuwa mzito zaidi. Dawa yake ni kuingia kidogo kidogo na kubaki hadi mawimbi yapungue. Usiingie peke yako. Mtafute nesi wa zamu, umwambie neno kwa neno: "Nikiingia humu napata hofu kali. Naomba unisindikize na unipe kazi." Hawezi kukushangaa, keshawaona wengi. Kaa kichwani pa mtoto, mgongo wako uipe monita. Muulize nesi ni kengele ipi inayomfanya yeye mwenyewe akimbie, maana nyingi kati ya zinazolia hazihitaji tiba yoyote: kifaa cha kidoleni kimelegea, mtoto amekohoa, dripu imekaribia kwisha. Ukisikia mlio, mtazame nesi. Asipoharakisha, na wewe tulia. Dakika kumi siku ya kwanza zinatosha. Ukitoka, muage mtoto na umwambie utarudi lini, kisha urudi wakati huo huo uliotaja.

Kazi ipo tele. Kumpaka mafuta midomo, kumfuta macho, kushika mguu wakati wa mazoezi. Uliza kwanza namna ya kumgusa, kwa kuwa ugonjwa huu huleta maumivu makali ya neva na misuli na mguso mwepesi unaweza kumuumiza. Wengine hustahimili zaidi mkono uliotulia kuliko kupapaswa.

Hapa kuna jambo ambalo huenda, katika kusoma kwako kote, hujalipa uzito. Mwanao yumo. Mwili umelala lakini akili haijaguswa. Dawa za usingizi zikipungua anasikia, anaelewa, anawatambua nyote, na hawezi hata kuinua kidole kuomba abadilishwe ubavu. Hajui lolote kuhusu benchi lako. Anachojua ni kwamba baba alikuja, akasimama mbali, akatoka. Kwa hiyo zungumza naye. Mfundishe kujibu kwa macho, kufumba mara moja ni ndiyo na mara mbili ni hapana, au kutazama juu na chini kama kope ni dhaifu. Tengeneza ubao wa picha: maumivu, joto, baridi, mama, katuni, kunyonywa makohozi, sitaki. Hiyo ndiyo kazi ya baba anayekesha mtandaoni! Mwambie kila anachofanyiwa kabla hakijafanyika. Umwambie pia, mara nyingi, kwamba hakukosea chochote, kwa sababu mtoto wa umri huo huweza kuamini kwamba anaadhibiwa. Ila usimwambie awe jasiri. Mwache aogope ukiwa hapo.

Akionekana ghafla kama hakutambui, anatazama kitu kisichokuwepo, au usingizi umegeuka usiku kuwa mchana, msifiche kwa madaktari. Watoto wa ICU hupatwa na mvurugiko wa fahamu kutokana na dawa, kelele na kukosa usingizi, na mzazi ndiye mara nyingi hugundua wa kwanza, kwa kuwa ndiye anayejua macho ya mtoto wake yalivyo.

Mama yake sasa. Kila mtu anamwambia apumzike, nina hakika, na haondoki. Haondoki kwa sababu hana wa kumwachia kile kiti. Nesi ni mtaalamu, ila si mzazi, na mzazi pekee aliyebaki yuko nje. Ukimpigia simu kumwambia "nenda kalale" unamwongezea hasira. Nenda ukamkute, muongee nje ya wodi, na umwambie ukweli wote: benchi, jasho, uongo wa kazi. Usimwambie kwa kujitetea. Atakasirika, na ana haki, kwa sababu wakati wewe ulikuwa na mahali pa kukimbilia, yeye hakuwa na hata ukuta wa kuegemea. Msikilize mpaka amalize. Halafu anzeni zamu, kama wale wanafunzi wa Copenhagen, ila usimwahidi makubwa. Mwambie: "Leo nitakaa nusu saa, nesi atakuwa nami, wewe nenda ukaoge." Ukiweza hiyo, wiki ijayo jioni nzima. Baadaye usiku mmoja kati ya kadhaa, yeye akalale kwenye kitanda na amwone binti yake, ambaye naye amemkosa mama. Atarudi akute mambo uliyoyafanya tofauti na anavyoyafanya yeye. Akikukosoa, vumilia.

Zile namba, zigeuze kuwa daftari la mtoto. Andikeni kila siku mistari michache kwa maneno ambayo atayaelewa akikua: leo umefumba jicho kumjibu dada, leo nesi amekuimbia. Manesi wakubali waandike pia, na picha ziwekwe kama wodi inaruhusu. Desturi hii ilianzia ICU za nchi za Skandinavia. Utafiti uliofanywa Ulaya na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa, kwa watu wazima waliopewa daftari la aina hiyo, msongo mpya wa baada ya kiwewe ulipatikana kwa watu 5 katika kila 100, dhidi ya 13 kwa wasiopewa mapema. Watoto si watu wazima, siwezi kukuahidi takwimu hiyo. Lakini atakuja kuuliza nini kilimpata, na kumbukumbu zako na za mama yake hazitafanana.

La kitanda cha jirani nitalipita haraka, maana halistahili uzito uliolipa. Hukumtakia mtoto yule mauti. Uliona kifo kimepita mlangoni pako, ukashusha pumzi. Mke wako pale ndani huenda alishusha vile vile. Ukikutana na wazazi wale, wape pole.

Ukijaribu haya wiki mbili tatu na bado huwezi kuvuka mlango, au mtoto akitoka salama na wewe miezi ikapita ukiota kengele na kukwepa hata barabara ya hospitali, tafuta mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Hospitali nyingi zina mtu wa ustawi wa jamii, anza na huyo. Na mchunguze mke wako pia. Wanaokesha kitandani mara nyingi huanguka baada ya mtoto kurudi nyumbani, wakati kila mtu ameshamaliza kuwauliza habari zao.

Nimemwacha binti yako mwisho lakini usimfanye wewe wa mwisho. Mtoto anayeuliza swali kama lile keshajihukumu, na kuambiwa alale amesikia kwamba jibu ni ndiyo. Kaa naye. Mwambie kuharisha kulipita kwa wote wawili, na watu wengi huharisha wakapona bila kupata ugonjwa huu, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Mwambie Guillain-Barré hauambukizi: ni kinga ya mwili wa mdogo wake iliyokosea njia, na hakuna alichofanya, alichosema wala alichowaza kilichousababisha. Hilo la kuwaza litaje kwa makusudi. Ndugu hugombana, na huenda kuna siku alimtamkia mdogo wake neno baya ambalo sasa linamkesha. Muulize kama lipo. Akitaka kwenda kumwona, ulizeni wodi inaruhusu vipi, mwonyeshe kwanza picha ya mdogo wake akiwa na mashine, umweleze kila mpira unafanya nini. Asipotaka, arekodi sauti kwenye simu nawe uipeleke. Zungumza naye leo, ukimaliza kusoma hapa.

Shangazi